Mtu Aliyeipa Mgongo Filamu Yake

Jambo la kwanza nililoligundua kwa Nabor Illescas ni kwamba hakuitazama filamu yake. Taa za ukumbi zilipozimwa, watu mia mbili wa mji ule wa milimani, huko Kanada, waliinua nyuso kuelekea kitambaa cheupe. Nabor aligeuka katika kiti chake cha pembeni, mstari wa mbele, akaipa mgongo kazi yake ya miaka miwili. Alikuwa akiwatazama wao. Mwanga wa filamu ulichezacheza kwenye nyuso za wale wageni, naye akizipitia moja moja, midomo ikitikisika kama ya mtoto anayekariri somo. Bibi mmoja wa mstari wa pili aliona haya, akavuta skafu yake mpaka puani.

Nilikuwa nikimjua tangu nikiwa darasa la kwanza. Kijijini kwetu, Santa Brígida Lachixela, katika milima ya Oaxaca huko Mexico, nani asiyemjua Nabor? Ndiye aliyepiga video za harusi, za mazishi na za sikukuu ya mtakatifu wetu, zikapelekwa kwa ndugu zetu wa Los Angeles wasioweza kurudi, nao wakazitazama Jumapili na kulia kwa nafasi. Lakini kumjua mtu si kumtazama. Mimi nilimtazama kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule, nikiwa nimefuatana naye kwa sababu ndiye niliyetafsiri maneno ya filamu kutoka Kizapoteki, lugha yetu, na kwa sababu Kiingereza chake chote kilikuwa "asante" na "kahawa".

Tulipotoka nilimuuliza kwa nini alikaa vile.

"Baba ataniuliza walifanya nini pale tuba inaponyamaza," alisema. "Nimjibu nini, kwamba nilikuwa najitazama?"

Baba yake, Mzee Aristeo, alipiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, katika bendi yetu kwa miaka hamsini, na kwa miaka hiyo yote ndiye aliyenakili nota. Chumba cha mazoezi kina kabati la mbao lililojaa karatasi, na karatasi zote ni za mkono wake: mistari iliyonyooka kama matuta ya shamba, nota nyeusi ndogo kama mbegu za pilipili. Mtu akifa kwetu, bendi hulisindikiza jeneza kwa wimbo uliotoka katika kabati hilo. Mtoto akibatizwa, kadhalika. Filamu ya Nabor ilihusu kabati hilo na mkono huo. Lakini na sisi tumo: tunaonekana tukifukua barabara ya udongo siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, tukimenya mahindi, tukimzika mpiga ngoma aliyeanguka na kufa wakati wa mvua za mwaka juzi.

Ndiyo maana, kabla ya kuwasha kamera, Nabor alisimama mbele ya mkutano wa kijiji kuomba ruhusa. Mkutano ulijadili tangu asubuhi hadi tortiya za mchana, chapati zetu za mahindi, zikapoa. Mwishowe mwenyekiti, Don Tranquilino, alitoa uamuzi kwamba picha ipigwe, lakini sura zetu zisitembee duniani kabla wenyewe hatujaziona. Filamu ionyeshwe kwanza hapa nyumbani, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, wazee mbele na watoto chini. Nabor alikubali. Mzee Aristeo, ambaye hakuwa ameulizwa, aliinuka, akavua kofia, akasema kwamba neno la mwanawe ni neno lake. Kisha akaketi. Kwetu mtu akivua kofia mkutanoni, hakuna karatasi inayohitajika tena.

Kazi ilichukua miaka miwili. Wanawake walipika maharage kwa ajili ya wapiga picha kwa zamu, wanaume walibeba taa na nyaya kwenye mabega. Mwisho wa mwaka wa pili Mzee Aristeo akaanza kugonga vikombe mezani. Mkewe, Mama Hermelinda, alimpeleka kwa daktari wa macho mjini Oaxaca. Ilikuwa presha ya macho, imekwisha kula pembeni kote. Mzee alikuwa akiiona dunia kama anayechungulia kupitia bomba jembamba la klarineti. Daktari alisema dawa zingechelewesha tu. Mwaka mmoja, pengine miwili.

Mzee hakulalamika. Alisema tu kwamba kuna vitu viwili anataka kuviona kabla ya giza: miche ya kahawa aliyoipanda ikitoa maua, na bendi yake ikipiga akiwa ameketi mbele yake badala ya kuwa ndani yake. Mpiga tuba hukaa nyuma. Kwa miaka hamsini alikuwa ameona visogo.

Kahawa ilitoa maua. Bendi, ikiwa nzima pamoja na tuba yake, ilikuwa ndani ya filamu tu.

Filamu ilikamilika mwezi wa saba, na kabla Nabor hajapanga siku ya uwanjani, ikaja barua kutoka Kanada. Tamasha la huko lilikuwa limeichagua kati ya filamu mamia. Sharti lilikuwa moja: isiwe imeonyeshwa hadharani mahali popote ulimwenguni, hata mara moja, hata bure, hata kijijini. Nilimsomea Nabor sharti hilo mara tatu, maana aliniomba nitafute kama kuna neno linalolegea. Halikuwepo.

Siwezi kusema alikuwa mroho. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, amepiga picha za keki za watu wengine maisha yake yote, na hii ilikuwa barua ya kwanza kumwita mtengeneza filamu. Alikwenda kwa Don Tranquilino, si kwenye mkutano, akamweleza pembeni ya duka. Don Tranquilino alikuna shingo na kusema miezi minne si karne. Huo ndio ulikuwa mlango wa kosa: neno lililotolewa mbele ya wote likafunguliwa na wawili.

Usiku mmoja, muda mrefu kabla ya safari, Nabor alichukua kompyuta yake, akaiweka juu ya meza ya baba yake kati ya vichupa vya wino. Nilikuwepo, nimepeleka tafsiri. Alimwambia baba yake kwamba sheria ya tamasha inahusu hadhara, si mtu na mwanawe. Afunge mlango, watazame pamoja, saa moja na nusu tu.

Mzee aliitafuta kompyuta kwa vidole, akaifunika kwa upole kama mtu anayefunika chungu.

"Nani amekwisha iona?"

"Hakuna, baba. Wewe ndiye wa kwanza."

"Eufemia ameiona? Yule aliyekupikia na mimba ya miezi minane?"

"Bado."

"Basi mimi nile ndani, mlango umefungwa, na waliopika wanasubiri uani?" Alicheka kidogo. "Mwanangu, nilivua kofia. Usinivalishe tena kwa mlango wa nyuma."

Nabor alimkumbusha macho. Mzee alijibu kwamba macho ni yake, na ameyahesabu, na miezi minne yanayo.

Tukasafiri mwezi wa kumi na moja. Hapo inabidi nisimulie aibu ambayo Nabor huisimulia mwenyewe kwa kicheko, japo siku ile hakucheka. Kwetu bendi ikialikwa kijiji cha jirani, haiingii tu kama mbuzi. Husimama kwenye msalaba mwanzo wa kijiji, ikangoja viongozi waje na mishumaa na hotuba, ndipo iingie ikipiga. Mzee Aristeo alikuwa amemwagiza mwanawe: huko uendako unabeba kijiji, usiingie mpaka upokelewe. Basi tulifika mlangoni pa ukumbi, Nabor amevaa koti lake la harusi, mkononi kikapu cha mikate ya yai tuliyoificha kwa hofu uwanja wa ndege, na tukasimama nje. Theluji ilikuwa ikianguka. Watu walitupita wakitabasamu. Nilimwambia, kaka Nabor, hapa nadhani watu hujiingilia. Akasema wataonekanaje wenyeji wakitukuta tumekwisha kaa? Tukangoja. Ndani, walitutafuta jukwaani na kwenye simu ambayo tuliizima kwa heshima, wakakata tamaa, wakaanza. Tulipopokelewa hatimaye, ni mfagiaji wa ukumbi aliyetoka kuvuta sigara. Nabor alimkabidhi mikate na kumtolea hotuba nzima, nami nikaitafsiri nikitetemeka kwa baridi. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, akazima sigara, akatushika mikono wote wawili. Ndiye mwenyeji pekee aliyetupokea kwa namna ambayo Mzee Aristeo angeikubali.

Onyesho la pili, kesho yake, ndilo lile ambalo Nabor aliketi ameipa mgongo filamu. Watu walisimama na kupiga makofi muda mrefu. Bibi wa skafu alilia. Na katika furaha ile, glasi mkononi, akatokea mama mmoja wa tamasha kubwa la mji mkuu wetu, Mexico, akamkumbatia, akasema filamu hii lazima ifunguliwe kwao mwezi wa tatu. Ila, bila shaka, isionyeshwe popote ndani ya nchi kabla ya hapo. Alikuwa na karatasi. Nabor aliitia sahihi akiwa amesimama, juu ya mgongo wa mtu mwingine aliyeinama kwa mzaha. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchukua chai. Huwa najiuliza kama ningekuwa karibu ningesema lolote. Nadhani nisingesema. Hata mimi nilikuwa nimelewa makofi.

Tuliporudi, Mzee Aristeo alikuwa na maswali yake. Hakuuliza juu ya tuzo. Aliuliza nani aliwapokea, mlilishwa nini, kuna aliyelala, kuna aliyecheka mahali si pa kucheka, na walifanya nini pale tuba inaponyamaza. Nabor alimweleza uso mmoja baada ya mwingine, mzee akatikisa kichwa akiwa ametosheka. Kisha akauliza, lini uwanjani? Nabor akasema mwezi wa tatu.

Mama Hermelinda aliacha kukanda unga. "Mwezi wa tatu," alisema. "Mabwana zako wa Kanada ndio waliosema?"

Mwezi wa pili Nabor alikwenda Ujerumani peke yake, kutoka huko akaitwa Ufaransa, kisha mji mdogo wa Ureno ambako, alituambia kwa simu, watu walimpa samaki na kumwimbia, na angependa baba yake awaone. Kila mahali aliketi vilevile, mgongo kwenye kitambaa, akikusanya nyuso za kumletea baba yake kama mtu anayeokota kuni. Mwezi wa tatu ukafika. Tamasha la mji mkuu likaahirishwa hadi wa sita, ukumbi ulikuwa ukitengenezwa. Wa sita ukasogezwa hadi wa tisa. Nabor aliandika kuomba afunguliwe mkataba. Walimjibu kwa adabu sana.

Kijijini maneno yakaanza. Doña Petronila, ambaye ndani ya filamu anafukuza kuku kwa ufagio, alinikamata kisimani, akasema Wajerumani wamemwona, Wafaransa wamemwona, yeye mwenyewe ndiye bado hajajiona. "Hebu niambie, Rufina, walinionaje? Mnene?" Nilimwambia walimpenda. Akasema kupendwa na watu usiowajua ni kama kurithi shamba mwezini.

Siku ya giza ya Mzee Aristeo ilikuja mwezi wa tano, wakati Nabor yuko Ufaransa kwa mara ya pili, amevalishwa shada.

Mzee alikuwa akinakili wimbo wa maandamano kwa ajili ya sikukuu ya Santa Brígida. Alimaliza, Mama Hermelinda akapeleka karatasi kwenye bendi. Eufemia, anayepiga klarineti ya kwanza, ndiye aliyezifungua. Alinionyesha baadaye. Nota zilikuwa zimepandana, mstari mmoja juu ya mwingine, zimevuka ukingo, nyingine zimeandikwa hewani kabisa, kwenye sehemu tupu ya karatasi. Eufemia hakumwambia mtu. Alikaa siku tatu na kitabu cha zamani chenye wimbo ule, akaunakili upya wote, akijitahidi kuiga ule mkono, na kuwagawia wapigaji.

Siku ya mazoezi mzee aliletwa kusikiliza. Bendi ilipiga vizuri, wimbo mzima bila kukwama. Walipomaliza, aliiweka kofia magotini.

"Mstari wa tatu wa tuba," alisema, "niliteleza. Niliandika nota isiyostahili, nikajua nimeiandika, nikashindwa kuipata tena niifute. Nilikuja hapa niisikie, nicheke. Sikuisikia." Aligeuza uso, akielekea upande ambao Eufemia hakuwepo. "Nani ameandika upya?"

Mtu mzima mwenye trombone alianza kufuta macho kwa mkono wa shati.

"Nimeuliza tu, wanangu. Niseme asante kwa nani?"

Eufemia akasema, "Mimi, mjomba."

"Mkono wako mzuri," alisema mzee. "Basi kabati ni lako." Akaomba apelekwe nyumbani, na njiani, anasema Mama Hermelinda, aliuliza kama jua limekwisha tua. Ilikuwa saa sita mchana.

Ni mimi niliyempigia Nabor. Alikuwa akingoja kuingia jukwaani. Nilisikia makofi nyuma yake, kisha hatua zake. Aliniuliza nirudie. Nilirudia. Akaniuliza kama baba yake alikuwa amesema lolote kuhusu filamu. Nilitamani kudanganya, lakini sikulelewa hivyo. Nilimwambia kwamba alikuwa ameuliza: wale watu wa Ureno waliomwimbia, wanaimba sauti ngapi?

Nabor hakuingia jukwaani. Alifika nyumbani siku ya nne, begi lake bado lina vibandiko vya ndege. Baba yake alikuwa uani, anamenya mahindi kwa kidole gumba. Alimtambua kwa nyayo. Nabor alipiga magoti, akasema maneno ambayo si yangu kuyaandika. Mzee alimwacha aseme. Kisha akampa hindi moja amenye.

Mwezi wa sita Nabor alisimama tena mbele ya mkutano. Safari hii hakuomba ruhusa, aliomba radhi. Alisema alivunja neno na kumvunjia baba yake kofia. Alisema amejitoa tamasha la mji mkuu, hata kama hawatamwita tena, na hata kama na wengine hawatamwita. Watu walimsema. Mmoja alisema kumbe sisi tulikuwa kijiji cha mwisho duniani. Mwingine alitaka anyimwe uwanja kabisa. Doña Petronila alisema anyimwe uwanja, sawa, ila baada ya yeye kujiona.

Ndipo Don Tranquilino naye akainuka, akakiri kwamba aliambiwa pembeni ya duka naye akalegea. Akavua kofia. Mkutano ukaamua mawili. Nabor atumike mwaka mzima kama mgambo wa kijiji, afagie ofisi, alinde sikukuu, asisafiri. Na filamu ionyeshwe tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa saba, mkesha wa Santa Brígida, kama ilivyosemwa tangu mwanzo, wazee mbele na watoto chini.

Leo ndiyo tarehe hiyo. Ninaandika haya nikiwa uwanjani, nimekaa juu ya sanduku la soda, daftari magotini. Saa kumi na mbili imepita. Bendi imetangulia kwenye msalaba mwanzo wa kijiji. Mwenyekiti alisema hata filamu yetu wenyewe, kwa kuwa imetoka mbali, ipokelewe. Wameipokea. Nabor aliibeba mikononi, kisanduku kidogo cheusi, amevaa koti lile la harusi na rungu la mgambo kiunoni, akasimama, akangoja, akatolewa hotuba, kisha bendi ikamsindikiza mpaka hapa ikipiga ule wimbo wa maandamano. Safari hii tuba iliteleza mstari wa tatu. Nilimwona Eufemia akitazama chini. Ameirudisha ile nota.

Kitambaa kimetundikwa kwenye kamba kati ya nguzo za magoli mawili ya kikapu. Lakini ukungu umepanda kutoka bondeni, kama unavyopanda kila siku mwezi huu, umemeza goli la mbali, na sasa kitambaa chenyewe kinaonekana nusu. Projekta imejaribiwa, mwanga wake ulisimama hewani kama ukuta wa maziwa. Watoto walipitisha mikono ndani yake. Nabor ameizima, tungoje. Hakuna aliyeondoka. Doña Petronila amekuja na mto wa kukalia na sega.

Mzee Aristeo yuko mstari wa mbele, katikati, amevaa sare ya bendi. Pembeni yake kuna kiti kitupu, na Nabor ameketi hapo sasa hivi. Amekigeuza, kinaelekea kitambaa. Nimesikia walivyopatana: atamwambia baba yake kila kitu, sura kwa sura, nani amekaa wapi, klarineti ziko kushoto au kulia, na mzee ataiona bendi yake kwa mbele. Kwa hiyo Nabor itabidi atazame. Anasema hakumbuki kama anajua jinsi ya kuitazama.

"Imeanza?" anauliza mzee.

"Bado, baba. Ukungu."

"Mzito?"

Nabor anainua shingo, anaangalia kule bondeni kwa muda mrefu. Upepo umeanza kutikisa ukingo wa chini wa kitambaa. Goli la mbali linatokea, linapotea, linatokea tena.

"Naona goli la mbali," anasema.